Kushinda Si Neno Moja

Hotuba ya Kamati Ndogo ya Elimu ya Watu Wazima, Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni



Tumepewa nafasi fupi, nasi tumeamua kusema juu ya neno moja tu, "kushinda". Tumelichagua kwa sababu lilimtia mwenzetu taabuni.

Mama mmoja wa hapa kambini aliitwa kwenye mahojiano. Akaulizwa ilikuwaje siku walipokimbia. Akajibu, "Tulishinda msituni, askari wakapita." Kila mmoja wenu ameelewa: walikaa porini kutwa nzima wamejificha. Lakini kijana wetu aliyekuwa akifasiri, kwa haraka, akasema kwa Kiingereza "we won", yaani walipata ushindi. Swali lililofuata likawa, "Ulipigana upande gani?" Ilichukua miezi mingi faili la mama yule kusahihishwa. Kijana hakuwa na nia mbaya. Sisi ndio tuliomtuma bila kumwandaa, na lawama ni yetu.

Ndugu zetu, Kiswahili kimelipa neno hili kazi nyingi. Kiingereza kimezigawa kazi hizo, kila moja na neno lake. Wengi wetu tumewahi kufanya vibarua Jinja au Mbale, basi tuchukue mifano ya huko.

Kwanza, mpira. Timu ya Jinja ikienda Mbale ikatoka na mabao mawili kwa bila, hapo neno ni "win". Lakini "win" hufuatwa na mechi, kombe au uchaguzi, halifuatwi na yule aliyeshindwa. Ukisema "we won Mbale", msikilizaji atadhani mmepewa mji mzima kuwa zawadi. Ukitaka kumtaja aliyeshindwa, sema "we beat Mbale" au "we defeated Mbale". Hili la mwisho ni zito zaidi, na ndilo la vitani pia. Mtu ambaye hakupigana asikubali liandikwe katika maelezo yake.

Pili, "conquer". Maana yake ni kushinda na kisha kutawala. Pale Jinja, bwawa la Owen Falls lilifunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili mwaka 1954, na maporomoko ya Ripon yakafunikwa na maji. Mtu angeweza kusema mto Nile umetekwa. Lakini Aprili 2020 kisiwa cha majani kinachoelea kilisukumwa mpaka kwenye mitambo, na umeme ukakatika karibu nchi nzima. Kwa hiyo neno hilo lina majivuno ndani yake. Tulitumie kwa uangalifu.

Tatu, "overcome". Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, Wamasaba wa Mbale na milima ya Elgon hufanya imbalu. Kijana hutahiriwa hadharani, amesimama wima, bila kutikisika. Je, amekishinda kisu? La, kisu kimekata. Alichokishinda ni hofu yake mwenyewe. Hapo ndipo penye "overcome": hofu, maumivu, taabu, ugeni wa lugha. Ila angalieni, neno hilo likigeuzwa hugeuka na maana. "She was overcome" ni kwamba amezidiwa, pengine na kilio, pengine na moshi.

Nne, "survive". Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mito ya Mbale, Nabuyonga ukiwa mmojawapo, ilifurika ikaua watu na kubomoa nyumba. Aliyefika asubuhi akiwa hai hakuushinda mto. Amenusurika, na neno lake ni "survive". Si neno la aibu. Wengi tulioketi hapa leo ndilo letu.

Na mama yetu je? Hakuna hata moja kati ya hayo. Yeye alishinda kwa maana ya kukaa kutwa, na Kiingereza chake kilikuwa chepesi: "We spent the whole day in the forest, hiding." Maneno ambayo mtoto wa shule angeweza kuyatamka, kama angetulia kwanza akajiuliza mama ana maana gani.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Wakalimani, mkisikia "kushinda", msione haya kuuliza: ameshinda nini? Mtu, mechi, hofu, au siku? Na ninyi mnaohojiwa, ombeni msomewe maelezo yenu kwa Kiswahili kabla ya kutia sahihi au dole gumba. Kuuliza si ujinga.

Jioni tunapokutana bombani tunaulizana, "Umeshindaje?" Hapana anayeuliza nani kampiga nani. Tunaulizana kama siku imepita salama. Madarasa yetu ni Jumanne na Alhamisi jioni, na wote mnakaribishwa.