Nyumba Iliyokaguliwa Si Hii

Msikilizaji, kabla TANESCO hawajamwingizia mtu umeme, kazi ya nyaya nyumbani kwake hukaguliwa. Fundi mwenye leseni ya EWURA anajaza fomu, mtu wa shirika anakuja kutazama, mita ya LUKU inafungwa, na tangu siku hiyo ni nadra mtu kurudi kuuliza nini kinaendelea nyuma ya mita ile. Ninachosema leo ni kwamba ukaguzi huo mmoja, hata ukifanywa kwa uaminifu wote, unapitwa na wakati upesi kuliko tunavyodhani.

Tuanze na hapa Matombo. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulianza kazi mwaka 2007, na gharama ya kuunganishiwa kijijini iliposhuka hadi shilingi 27,000, wengi waliokuwa wakisubiri wakaingia. Mwenye kijumba aliweza kuchukua UMETA, kile kibao kinachokuja na soketi na swichi tayari, akaepuka kutandaza nyaya nyumba nzima. Mpango ule ulikuwa mzuri, wala siubezi. Lakini umeme ukishaingia, nyumba hukua. Zinaanza taa tatu na chaji ya simu. Karafuu zikiuzwa inakuja friji, kisha chumba cha uani, kisha fremu ya duka barabarani, na ndani ya fremu mtu anafungua saluni. Waya wa taa, ule wa milimita moja na nusu, unabebeshwa jiko na pasi. Anayeunganisha mara nyingi ni kishoka, fundi asiye na leseni, na kazi ya kishoka haimo kwenye fomu yoyote. Juu ya dari panya wanatafuna. Na upande huu wa mashariki wa Uluguru, ambako mvua haina mzaha, maji yanapenya ukutani mpaka kwenye soketi. Siku ya ukaguzi hakuna hata kimoja cha hivyo kilichokuwapo.

Wapo watakaosema breka ipo, ikizidiwa inaanguka. Ni kweli inaanguka, ila imewekwa kuulinda waya usiungue, si kumlinda mtu. Breka ya ampea 20 haishtuki mpaka mkondo uzidi ampea hizo 20, ilhali sehemu 30 tu za elfu moja ya ampea zikipita kifuani kwa muda zinaweza kumwondolea mtu uhai. Mtoto anaweza kunaswa na friji inayovuja umeme, na breka isijue lolote. Kinachomwokoa ni waya wa ethi ulioshikana vizuri na fito yake ardhini, pamoja na kile kifaa kinachokata umeme mara unapovuja. Ubaya ni kwamba vyote viwili vinaweza kufa bila mwenye nyumba kutambua. Jembe limeikata ethi wakati wa palizi, na bado taa zinawaka, redio inaongea, mambo ni shwari. Macho hayatoshi hapo. Ni lazima mtu aje na kipimo.

Pingamizi zito ni fedha, na nyuma yake kuna jingine: kwamba ukaguzi wa lazima utafungua mlango mpya wa rushwa. Nakubali nusu. Uingereza, tangu 2020, wenye nyumba za kupangisha wanatakiwa kuzikaguza walau kila miaka mitano. Tukiinakili sheria hiyo huku, mwenye taa tatu atasumbuliwa sawasawa na mwenye mashine ya kusaga, na huo ni uonevu. Kwangu mimi ukaguzi wa nyumba ya kawaida ufuate mabadiliko: umeongeza chumba, umenunua friji, umepangisha fremu, maji yameingia darini, radi imepiga jirani. Hapo muite fundi mwenye leseni, na mumuite kwa pamoja, maana gharama ya kumleta kutoka mjini kupitia Kiroka na Mkuyuni inabebeka ikigawanywa kwa nyumba kumi. Mabweni na zahanati nisingeyaingiza kwenye hesabu hiyo. Hayo yakaguliwe kila mwaka, kwa sababu wanaolala humo hawakuchagua nyaya wala fundi.

Na asidhani mtu kwamba 114 ni mbadala. Gari la Zimamoto likitoka mjini litapanda barabara hiyo hiyo ya mlimani, na moto wa darini hauhitaji muda mrefu.

Yapo unayoweza kuyafanya jioni hii bila senti. Chomoa kila kitu, zima taa zote, kisha tazama kama uniti za LUKU bado zinapungua. Zikipungua, umeme unakwenda mahali usipopajua. Usifungue chochote mwenyewe. Na fundi akifika, muombe kwanza leseni yake, kisha apime ethi ukiwapo, na alichokipima akuandikie kwenye karatasi yenye tarehe na jina lake.