MAONI YA WANANCHI JUU YA DARAJA
Hotuba ya Katibu wa Chama katika sherehe ya kutimiza miaka kumi, Simbo



Nimeagizwa niseme maneno machache katika siku hii ya furaha. Wenzangu wamekwisha kusema habari za mizani, za miche na za hesabu, nao wamesema vema. Mimi nimechagua kusema habari za daraja. Labda mtu atauliza moyoni, Katibu wa ushirika na daraja wapi na wapi? Jibu langu ni fupi. Mawese yasiyovuka mto hayana bei.

Sote twaijua njia itokayo hapa Simbo kwenda Ilagala na kuendelea kusini mpaka Kalya. Njiani hukatwa na mto Malagarasi, mto uletao maji mengi ziwani. Kwa miaka mingi magari na mizigo ya njia hiyo imekuwa ikivushwa kwa kivuko baina ya Ilagala na Kajeje, na ombi la daraja mahali pale ni la zamani. Twajua pia kwamba ombi la namna hii huweza kusikika. Huko juu, katika njia ya Tabora, Malagarasi ilikwisha kupata daraja lenye urefu wa mita 275, lililojengwa kwa mkopo wa Jamhuri ya Korea na kufunguliwa rasmi mwaka 2015 kwa jina la Rais Kikwete.

Lakini leo sikusimama kuomba daraja. Nataka tuulizane jambo litangulialo daraja: mhandisi ajapo na karatasi zake na kutuuliza maoni, je, tutakuwa na la kumjibu?

Maana kuulizwa ni haki yetu, si hisani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, pamoja na kanuni zake za mwaka 2005, zimeagiza kwamba mradi mkubwa upimwe madhara yake kwanza, na watu watakaoguswa nao watafutwe na kusikilizwa. Matangazo yabandikwe, magazeti na redio zitangaze, na mikutano ifanywe panapohitajika. Basi mlango upo. Shida ni kwamba aghalabu sisi wenyewe hupita mlangoni hapo tukiwa tumefumba vinywa.

Niruhusuni nitoe ushuhuda, nao ni juu ya kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita palitakiwa kujengwa kalavati katika njia mojawapo ya mashamba. Mkutano uliitishwa, nami nikapewa kazi ya kuandika kumbukumbu. Walisema watu saba, wote wanaume, na wote wa viti vya mbele. Halafu bibi mmoja mzee aliinua mkono, akaeleza kwa Kiha kwamba masika yakishika, maji hupita juu ya jiwe lile analofulia nguo. Watu walicheka kidogo, mkutano ukaendelea. Mimi sikuyaandika maneno yake. Niliandika hivi: "Wananchi walikubali kwa kauli moja."

Masika ya pili maji yalipanda juu ya jiwe lile. Yalilizunguka kalavati, yakala tuta la udongo kila upande, na kalavati likabaki peke yake katikati kama kisiwa. Kwa majuma matatu madumu ya mawese yalivushwa kichwani, na mengine hayakuvuka kabisa. Nilikwenda nyumbani kwa bibi yule kumtaka radhi. Hakunikaripia. Alisema tu, "Mwanangu, mimi nilisema."

Ndugu zangu, neno hilo halijanitoka mpaka leo. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nami nimejifunza kwamba maoni nayo ni mali.

Sasa, ni mambo gani tuyajuayo ambayo mgeni hana budi kuyapata kwetu?

La kwanza ni kimo cha maji. Mhandisi anavyo vipimo vyake, na elimu yake twaiheshimu. Unene wa nguzo na kiasi cha chuma si kazi yetu. Lakini ziwa letu na mito yake vina tabia ya kupanda na kushuka kwa muda mrefu kupita umri wa vipimo vingi. Mnamo mwaka 1878 maji ya Tanganyika yalivunja kizuizi cha mto Lukuga, upande wa Kongo, ziwa likashuka mita nyingi. Baada ya mvua kubwa za mwaka 1961 na 1962 lilipanda. Tena katika miaka ya tangu 2020 limepanda na kuingia katika nyumba za watu kandokando ya pwani yetu. Ziwa likijaa, mito iliyo karibu na mlango wake hukawia kutoka, na maji hutanda mashambani. Mzee awezaye kuonyesha mti uliofikiwa na maji mwaka fulani anayo alama yenye thamani. Aende auonyeshe, na alama ipimwe.

La pili ni wapitao. Juu ya daraja hawapiti wenye malori peke yao. Hupita mama mwenye ndoo ya dagaa kichwani, mwenye baiskeli iliyofungwa madumu mawili kila upande, mtoto wa shule, na ng'ombe. Njia ya waendao kwa miguu ikiwa nyembamba, au ikiwa haina ukingo imara, hao ndio watakaoumia. Chini ya daraja nako kuna wapitao. Wavuvi waulizwe mitumbwi yao hupita mkondo upi, na palipo na mamba na viboko, wanawake waulizwe njia ya kushukia maji iwekwe wapi.

La tatu ni ardhi. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imeweka hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kuwa mita 30 kila upande tangu katikati ya barabara. Mchikichi hukaa miaka mingi ukizaa, na shina moja likikatwa si hasara ya msimu mmoja. Kwa hiyo kila mwanachama ajue mapema shamba lake liko wapi, na mashina yake ni mangapi, kabla hajafika mthamini. Asiyejua hesabu yake hupokea hesabu ya mwenziwe.

La nne ni gharama. Huko Dar es Salaam, daraja la Kigamboni lilifunguliwa mwaka 2016, nalo lina urefu wa mita 680. Ni daraja zuri, lakini ushuru wake ulileta manung'uniko ya miaka mingi, hata ukapunguzwa mwaka 2022. Neno la ushuru lifaa liulizwe wakati daraja lingali kwenye karatasi.

La tano ni gumu, wala sitalificha. Penye kivuko pana watu waishio kwa kivuko: wapakiaji, wauza chakula, wenye vibanda. Daraja likija gari halisimami tena. Hao nao ni wananchi, na baadhi yao ni jamaa zetu. Wakitengewa mahali pa soko karibu na daraja tangu mwanzo, watapona. Wakisahauliwa, furaha yetu itakuwa msiba wao.

Najua wako watakaosema, "Katibu, maneno mengi yatachelewesha kazi, na watu wanapotea majini." Hoja hiyo siidharau. Mwaka 2016 kivuko kilizama katika mto Kilombero, na mwaka 2018 kivuko cha MV Nyerere kilizama karibu na Ukara katika ziwa Victoria, wakafa watu zaidi ya mia mbili. Haraka ina sababu yake. Lakini kusikiliza kijiji kwa siku chache hakumchelewesha mtu kama kujenga mara mbili. Kinachochelewesha ni kuanza kutafuta maoni siku mhandisi ameketi barazani. Tukiyakusanya sasa, atayakuta tayari.

Kwa hiyo natoa shauri, nalo ni jepesi. Kila chama cha msingi kifungue daftari moja la daraja. Mbali na mkutano wa kijiji, wanawake waketi peke yao, wavuvi peke yao, na wenye baiskeli na pikipiki peke yao, maana mtu hunena kwa uhuru mbele ya wenzake. Atakaye kusema Kiha aseme Kiha, na mwandishi aandike alivyosema. Kila neno liandikwe pamoja na jina la msemaji kama akiridhia, hata neno ambalo mwandishi halipendi. Nakala ipelekwe kwa Mtendaji wa Kijiji na kwa Halmashauri ya Wilaya, na nyingine ibaki kwetu. Mwisho, tudai jibu: lipi limekubaliwa, lipi limekataliwa, na kwa sababu gani. Aliyekataliwa kwa sababu huweza kuvumilia; aliyepuuzwa hawezi.

Waheshimiwa wageni wetu, nanyi nawaomba neno moja. Mkija mkutanoni, msiridhike na wa viti vya mbele. Tazameni nyuma, penye mikeka.

Ndugu wanachama, miaka kumi iliyopita tulijifunza kupima mazao yetu wenyewe, kila mtu akiona mshale wa mizani kwa macho yake. Basi na tupime maneno yetu kwa namna iyo hiyo, pasiwe na neno la mtu lililopungua. Bibi yule yu hai, na leo amekuja. Daftari la kwanza nimekwisha kulifungua, na ukurasa wake wa kwanza nimeuandika jiwe lake.