Kuiamsha Pikipiki Iliyolala

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Kathonzweni)



Nimeombwa niseme juu ya pikipiki zilizolala. Wengi wenu mnazo. Mtu alikwenda kazini Mombasa au Nairobi miaka miwili, pikipiki akaiacha ghalani pamoja na magunia ya ndengu. Sasa kazi imekwisha, amerudi, na anataka pikipiki hiyo imlishie watoto.

Kwanza, usipige kiki. Najua mguu unakuwasha, lakini ngoja. Petroli ikikaa miezi mingi, sehemu yake nyepesi hupaa, na kinachobaki huganda kama utomvu ndani ya kabureta na kuziba matundu yake madogo. Imwage yote. Mulika ndani ya tangi kwa tochi. Ukiona kutu, lisafishe kabla ya kutia petroli mpya. Unapofungua kabureta, usichokoe jeti kwa waya. Waya hupanua tundu, na tangu siku hiyo pikipiki itakunywa petroli kama mlevi. Petroli safi na upepo wa pampu vyatosha.

Kisha toa plagi, tia matone machache ya oili katika tundu lake, ungoje kidogo, halafu uzungushe injini polepole kwa kiki. Ikiwa imekamata, usiilazimishe kwa kuisukuma mtelemkoni, mwite fundi. Badili oili ya injini, hata kama ile ya zamani yaonekana safi. Tazama na bomba la moshi, maana nyigu hupenda kujenga humo, na panya hupenda chujio la hewa.

Basi itawaka, watoto watapiga makofi, na hatari ndipo inapoanza. Pikipiki iliyowaka bado haijajua kusimama. Fungua magurudumu yote mawili utazame viatu vya breki: kutu huvikamata, au vitambaa vyake hubanduka. Vuta waya za breki na klachi. Ukiona uzi mmoja umekatika, badili waya mzima. Tairi nazo huzeeka zikiwa zimesimama. Ubavuni mwa tairi utaona tarakimu nne: 2317 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2017. Ikiwa mpira umepasuka-pasuka, usidanganywe na meno mazuri.

Mwenye shilingi chache atanunua nini kwanza? Nasema breki, tairi, na cheni. Betri ifuate kabla hujabeba mtu, kwa sababu honi na taa ya breki huitegemea. Rangi na kiti vingoje. Nimeona pikipiki zinazong'aa kama sahani, na breki hazina.

Sasa nasema na ninyi mnaoendesha pikipiki za watu na kumlipa mwenyewe kila jioni. Mwenyewe huitoa ghalani, huiwasha mbele yako, na kusema, "Unaona? Nzima." Kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki chakataza chombo kibovu kutumiwa barabarani, na askari atamsimamisha aliyeipanda, si aliyelala nyumbani. Basi kabla ya kuipokea, patana naye nani atalipa breki na tairi, na nani atalipa bima iliyokwisha. Yaandikwe, mbele ya mashahidi wawili. Akikataa kuandika, mwachie pikipiki yake. Jambo hili lafaa kuletwa chamani, maana mmoja akikataa peke yake, mwingine mwenye njaa ataichukua saa ile ile.

Siku ya kwanza nenda peke yako, bila abiria wala mzigo, na usiende mbali. Simama mara kumi, kwa mwendo mdogo kwanza. Rudi, tazama kama oili inavuja, na ukaze nati tena. Njia ya Wote au ya Makindu ingoje siku nyingine.

Kesho saa tatu asubuhi, walio na pikipiki za namna hii wazilete hapa. Spana ninazo. Kila mtu aje na kopo la kumwagia petroli ya zamani, na sigara aziache nyumbani.