PICHA ZA BAISKELI NA MOTOKAA ZA ZAMANI

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya watu wapendao baiskeli na motokaa za zamani, na desturi yao ya kuonyeshana picha zake. Huenda mtu akauliza, kuna faida gani kutazama picha ya baiskeli kuukuu? Nasi tuliuliza hivyo hivyo, mpaka tulipopata hasara.

Huko Italia, katika nchi ya Toscana, pana mji mdogo uitwao Gaiole in Chianti. Mwaka 1997 ilianzishwa huko safari ya baiskeli iitwayo L'Eroica, na mara ya kwanza walitokea wapandaji 92 tu. Shabaha yao ilikuwa kuzilinda njia za changarawe nyeupe zisije zikafunikwa zote kwa lami. Baiskeli itakiwayo ni ya mashindano, ya namna iliyoundwa kabla ya 1987: vishikio vya giya viwe kwenye bomba la fremu, nyaya za breki zipite nje juu ya usukani, na pedali ziwe na mikanda ya kufungia miguu.

Waingereza nao wana safari ya motokaa zilizoundwa kabla ya 1905, kutoka London mpaka Brighton, mji wa pwani. Yakumbusha siku ya tarehe 14 Novemba, 1896, ilipoanza sheria iliyoziruhusu motokaa kwenda maili 14 kwa saa. Kabla yake mwisho ulikuwa maili 4, na mwenye haraka zake angaliweza kuipita motokaa kwa miguu!

Basi umri wa chombo hujulikanaje? Picha ni shahidi mmoja mkubwa. Wajuzi huipiga baiskeli kwa upande wa mnyororo, maana ndipo zilipo giya. Kisha hukaribia maungio ya fremu, maandishi ya rangi, na nambari, ambayo mara nyingi imepigwa chini, penye mhimili wa pedali.

Sisi hatukuyajua hayo. Tulirithi kwa babu yetu baiskeli nyeusi ya Kiingereza, imechubuka na kushika kutu. Kwa kutaka kumheshimu marehemu tuliisugua yote kwa msasa, tukaipaka rangi mpya hata ikang'aa kama kioo, na ndipo tukapiga picha. Tulipowaonyesha wajuzi, tukitazamia sifa, mmoja akauliza, "Mistari yake ya dhahabu iko wapi?" Hatukuwa na jibu. Picha moja ya zamani tuliyokuwa nayo ilimwonyesha babu amesimama mbele ya baiskeli, na kanzu yake imeifunika karibu yote.

Yule mjuzi akatuagiza tutazame habu ya gurudumu la nyuma, kwani ilikuwa ya Sturmey-Archer yenye giya tatu, na watengenezaji wale walikuwa na desturi ya kupiga tarakimu za mwaka katika chuma chenyewe. Tukafuta mafuta, tukaona 52. Ndiyo kusema iliundwa mwaka 1952. Baadaye mwingine akatuletea picha ya baiskeli ya namna ile ile, ya mwaka ule ule, isiyoguswa na mtu: kutu tele, lakini mistari miwili myembamba ya dhahabu ingalipo. Mama yetu alipoitazama alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Hiyo ndiyo ya baba."