Barabara Ijengwe, Kumbukumbu Zisalimike

Mada kwa mikutano ya wakazi wa kata



Wenye umri wa kukumbuka kivuko cha Ndundu wanaijua thamani ya barabara. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, safari ya Lindi na Mtwara ilikwama ukingoni mwa Mto Rufiji, abiria wakisubiri pantoni. Daraja hilo, na baadaye lami ya kilomita 60 kutoka Ndundu hadi Somanga, vimeiondoa adha hiyo. Hakuna anayetaka barabara zisijengwe. Linalozungumzwa hapa ni kile kinachokatwa na tingatinga kabla lami haijamwagwa.

Ardhi hii ina historia chini yake. Huko Mkukutu, karibu na Kibiti, Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alifukua ushanga wa kioo, na mwaka 1999 akachapisha hoja inayouhusisha na biashara ya enzi za Warumi. Ushanga huo uliipa nguvu rai kwamba Rapta, soko linalotajwa katika maandishi ya Kiyunani ya takriban miaka 2,000 iliyopita, lilikuwa pande hizi. Wataalamu wangali wakijadiliana, lakini mjadala huo mkubwa umesimama juu ya vitu vinavyoenea kiganjani. Kusini mwa mto ipo Ngarambe, alikotoa dawa ya maji Kinjekitile Ngwale, na ipo Mohoro, aliponyongwa na Wajerumani Agosti 1905. Historia ya taifa imelala kandokando ya njia za kila siku.

Hatari haipo kwenye barabara pekee. Ipo pia kwenye mashimo ya kifusi, kambi za wajenzi na njia za mchepuko. Kigae cha chungu hakina bei sokoni. Thamani yake imo katika mahali kilipolala: kina chake, udongo unaokizunguka, mavi ya chuma au mifupa ya samaki iliyo kando yake. Kikishachotwa na kumwagwa kwenye tuta, hakina tena la kusimulia.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, nayo inamtaka anayevigundua atoe taarifa. Kuchimba bila kibali ni kosa. Miradi mikubwa hutanguliwa na tathmini ya athari kwa mazingira chini ya Sheria ya mwaka 2004, na makaburi huhamishwa kwa utaratibu wa sheria yake ya mwaka 1969.

Hata hivyo, sheria haina macho. Macho ni ya kibarua mwenye sepeto, dereva wa tingatinga na mama anayepita kwenda shambani. Aonaye vigae vingi, ushanga, mifupa, mavi ya chuma au msingi wa mawe na afanye haya: asimamishe kazi mahali hapo, asiokote wala kuosha kitu, aweke alama, amweleze msimamizi wa kazi na mtendaji wa kijiji siku hiyo hiyo, ili taarifa ifike kwa afisa utamaduni wa halmashauri na kwa wataalamu wa Mambo ya Kale.

Wapo wanaonyamaza wakihofia kwamba kazi itafungwa na posho ya siku itapotea. Hofu hiyo inaeleweka. Lakini kinachosimama ni eneo lenye ugunduzi, si mradi mzima. Tena mikataba mingi ya barabara kubwa huandikwa kwa mfumo wa FIDIC, ambao humpa mkandarasi haki ya kudai muda wa nyongeza na gharama anapocheleweshwa na ugunduzi kama huo. Mkandarasi hana sababu ya kuficha, wala kibarua hastahili kuadhibiwa kwa kusema.

Wazee nao wana kazi yao, tena ya mapema. Wahandisi wapimao njia hawayajui makaburi yasiyo na alama, mibuyu ya matambiko wala mahame ya zamani. Mikutano ya kupokea mradi inapoitishwa, wazee na waende wakayataje kwa majina, kabla shamba lolote halijatolewa kuchimbwa kifusi. Mstari kwenye ramani husogezwa kwa kalamu. Kaburi lililokwisha kuchimbuliwa halirudi.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Kigae kinachopigwa teke leo huenda ndicho ushahidi pekee wa walioishi hapa kabla ya wote. Barabara na ipite, na wajukuu watakaopita juu yake wajue walikotoka.