Vitamini na Sumu ya Risasi

Mwaka 2010, vijijini Zamfara, Nigeria, watoto zaidi ya 400 walikufa kwa sumu ya madini ya risasi. Mawe ya dhahabu yenye risasi yalisagwa uani kwa mashine za kusagia nafaka, na vumbi lake likatua walipocheza watoto. Madaktari Wasio na Mipaka wakaleta dawa inayoinasa risasi mwilini ili itoke kwa mkojo. Tiba hiyo ndiyo anayopaswa kupewa mtoto aliyefikisha mikrogramu 45 kwa desilita moja ya damu. Hakuna vitamini inayoshika nafasi yake.

Virutubisho vina kazi, tena kubwa. Mwili uliopungukiwa madini ya chuma au kalsiamu hufyonza risasi kwa wingi zaidi, ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unataka mtoto mwenye upungufu huo aongezewe. Ila chuma kikitolewa pamoja na dimakaproli, mojawapo ya dawa za kunasa risasi, huzaa sumu nyingine. Inaniuma kuona mama akiuziwa chupa ya vitamini za "kusafisha damu" bila kuambiwa haya.

Mzazi, mwoneshe daktari kila kidonge anachomeza mwanao, na vumbi la risasi liondolewe nyumbani kabla mtoto hajarudi kutoka kwenye matibabu.