Chungu Kimoja cha Muthokoi

(Maneno yaliyosemwa na kikundi cha akina mama wa Machakos mbele ya vikundi vingine)



Tumeombwa tuseme juu ya chakula. Wengine mtacheka na kuuliza, nani hapa Ukambani hajui kupika muthokoi? Ni kweli, tumeupika tangu tukiwa wasichana. Lakini tulipokaa chini kama kikundi tuliona kuna mambo tunayafanya kwa mazoea tu, na mengine yanaweza kutuua.

Tuanze na chungu chenyewe. Mahindi peke yake hujaza tumbo, lakini hayamjengi mtoto vizuri. Protini ambayo mahindi yamepungukiwa iko kwa maharagwe, kunde na mbaazi, zile tunazoita nzuu. Nyanya zetu hawakusomea lishe darasani, lakini walichanganya. Sisi hupima gorogoro mbili za muthokoi kwa gorogoro moja ya mbaazi au maharagwe.

Usiku tunaloweka, na asubuhi yale maji tunamwaga. Hapo kuni zinapungua na saa za kukaa jikoni pia. Tunachemsha kwa moto wa wastani, chungu kimefunikwa. Chumvi tunaitia mwishoni, maharagwe yakishakuwa laini. Nyama ikipatikana, hata robo kilo, tunaikata vipande vidogo na kuichemsha ndani ya chungu hicho hicho. Kila mtu atapata ladha. Halafu viazi na karoti. Kabichi, sukuma wiki au majani ya kunde huingia dakika kama kumi za mwisho, ili mboga isipikwe mpaka ikaisha nguvu.

Msidhani hiki ni chakula cha maskini wa hapa tu. Huko Ireland na Marekani, watu huchemsha nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi pamoja na kabichi na viazi katika sufuria moja. Mkulima ni mkulima: moto mmoja, chungu kimoja, watu wengi.

Jambo la pili ni kutwanga. Tukikoboa mahindi, ganda linatoka na mahindi yanaiva upesi. Lakini pamoja na makapi hutoka pia vitamini. Basi anayekula muthokoi bila maharagwe na bila mboga amejipunja mara mbili. Kazi ya kinu ni nzito, kwa hivyo sisi hutwanga kwa mwethya, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule.

Sasa jambo la tatu, na hili ndilo lililotuleta. Msimu mmoja tulichanga pesa, kila mmoja kidogo, tukanunua mahindi ya kikundi. Tulipofungua gunia tukasikia harufu ya ukungu. Punje nyingine zilikuwa na rangi ya kijani. Tulibishana sana. Wengine walisema, tutwange tuoshe, ganda likitoka ubaya umetoka. Mweka hazina wetu alinyamaza tu, kwa maana ndiye aliyejua kila shilingi ilitoka kwa nani.

Ndipo mama mmoja akatukumbusha mwaka wa 2004. Watu 317 waliugua, wengi wao hapa kwetu Machakos, Makueni, Kitui na Thika, kwa kula mahindi yenye sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini. Watu 125 walikufa. Hata mwaka wa 1981 sumu hiyo iliua watu katika wilaya ya Machakos ya wakati ule. Sumu hii huharibu ini. Kuchemsha hakuimalizi. Kukoboa hupunguza, lakini hakuondoi yote.

Tulichimba shimo tukayazika. Hatukuwapa kuku wala ng'ombe, kwa sababu sumu hiyo huua kuku, na kwa ng'ombe huingia kwenye maziwa. Siku hiyo tulikula viazi, na hakuna aliyekuwa na furaha. Lakini hakuna aliyeugua.

Tangu hapo tunafanya hivi. Mahindi tunayaanika juu ya turubai, si juu ya udongo. Mvua ikinyemelea tunayafunika. Kabla ya kuweka ghalani tunayapima kwa chupa: chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi kiasi na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa vizuri, kisha acha kwa dakika chache. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado yana maji, yarudishe juani. Isiposhika, ni sawa kuweka. Magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta, na paa lisivuje. Na ukinunua sokoni, tia mkono mpaka katikati ya gunia, usitazame ya juu tu. Lakini mjue kwamba sumu yenyewe haionekani kwa macho. Ndiyo sababu kukausha mapema ni bora kuliko kuchagua baadaye.

Chupa na chumvi kila nyumba inazo. Tunaomba kila kikundi kilichoko hapa kijaribu kabla ya mavuno yajayo kuingia ghalani, na mkutano ujao mtuambie mmeona nini. Muthokoi uko tayari pale nje, na mahindi yake tumeyapima.